Faustin Linyekula: Densi Iliyorudi Kisangani

Mwishoni mwa miaka ya 1990, magitaa ya Wenge Musica, bendi ya Kongo, yaliposikika jijini Dar es Salaam kuanzia Magomeni Mapipa hadi Kariakoo na vijana wakishindana kucheza ndombolo, Mkongo mwingine alikuwa Nairobi akijenga sanaa ambayo mitaa hiyo haikuisikia. Jina lake ni Faustin Linyekula.

Alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, kando ya Mto Kongo, akakulia Kisangani, mji wa Kilingala na Kiswahili. Alipenda fasihi na tamthilia. Vyuo vikuu vya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa chini ya Mobutu, vilipofungwa, alihamia Kenya mwaka 1993, na mwaka 1997 yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen wakaanzisha Gàara, kundi la kwanza la densi ya kisasa nchini humo. Mwaka uliofuata onyesho lao, Cleansing, lilitunukiwa tuzo huko Luanda, na milango ya Ulaya ikafunguka. Ufaransa alifanya kazi na watunzi wa densi kama Mathilde Monnier na Régine Chopinot.

Angeweza kubaki huko, na nani angemlaumu?

Juni 2001, Kongo ikiwa bado vitani, alirudi Kinshasa na kuanzisha Studios Kabako, jina alilolitoa kwa rafiki yake aliyefariki kwa tauni. Miaka michache baadaye aliihamishia Kisangani, mji ambao majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigania kwa siku 6 mwezi Juni 2000, yakaua mamia ya raia. Uamuzi huo wa kurudi unamtofautisha na wengi waliosifiwa kuliko yeye. Wachezaji wake walifanya mazoezi katikati ya magofu, na magofu hayo yakaingia ndani ya uchezaji wenyewe: miili inayoyumba, inayoanguka, inayonyanyuka tena.

Mwaka 2007 Uholanzi ilimpa Tuzo ya Prince Claus. Miaka miwili baadaye alileta kazi ambayo mpenzi wa ndombolo wa Magomeni angeitambua mara moja, more more more... future. Jukwaani alikuwapo Flamme Kapaya, mpiga gitaa aliyevuma akiwa na mwimbaji Werrason, na maneno yaliandikwa na Antoine Vumilia Muhindo, aliyekuwa mfungwa Kinshasa. Muziki uliozoea kuwasifu matajiri kwa malipo ukabebeshwa swali zito: nchi iliyobomoka ina kesho gani?

Mwaka 2012 aliigeukia Paris yenyewe. La Création du monde, baleti ya Paris ya mwaka 1923, ilidai kusimulia uumbaji kwa hadithi za Kiafrika, lakini iliundwa na kuchezwa na Wazungu. Linyekula aliifanya upya na wachezaji wa Ballet de Lorraine, kisha akaijibu palepale jukwaani.

Nyumbani, Studios Kabako imewafunza vijana densi, muziki na filamu. Ng'ambo ya mto, huko Lubunga, ikaanzisha hata mradi wa maji safi ya kunywa, kwa sababu Linyekula hakuona mpaka kati ya kutunga densi na kuujenga upya mji wake.