Humura: Mfariji na Faraja katika Historia ya Wanahabari wa Burundi Walio Uhamishoni

Historia ya wanahabari wa Burundi walio uhamishoni imesimuliwa zaidi kama historia ya uhuru wa vyombo vya habari kuliko historia ya nafsi zao. Makala haya yanadai kwamba mambo hayo mawili hayatenganishiki, na kwamba dalili zake zimo katika majina waliyoyapa matangazo yao.

Mnamo tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la kumpindua Rais Pierre Nkurunziza, vituo vya RPA, Isanganiro, Bonesha FM na Renaissance vilishambuliwa jijini Bujumbura na kunyamazishwa. Wanahabari wengi walikimbia nchi, baadhi yao wakaelekea Kigali. Huko walianzisha vipindi vilivyosambazwa kwa intaneti na WhatsApp. Kipindi cha RPA kiliitwa Humura Burundi; kingine kikaitwa Inzamba.

Katika Kirundi, inzamba ni baragumu, chombo cha kuita watu. Humura ni kauli ya kumtuliza mwenye hofu. Mswahili angesema "usiogope, jipe moyo". Kauli hiyo humlenga msikilizaji aliyebaki nyumbani, msemaji hajijumuishi. Aliyepoteza makazi, ajira na ujirani wa jamaa zake anajitokeza kama mfariji tu, ilhali mganga hajigangi.

Hata hivyo, kufariji kulimpa mtangazaji ratiba ya siku, wenzake wa kushirikiana nao na wasikilizaji walioitambua sauti yake. Kazi ikawa tiba, ingawa haikuitwa hivyo. Mwezi Machi 2021, Rwanda na Burundi zikitafuta maridhiano, RPA, Inzamba na Renaissance zilitakiwa kusitisha matangazo yao kutoka Rwanda. Kidiplomasia, hiyo ilikuwa hatua ya ujirani mwema. Kwa mtangazaji, kulikuwa kunyamazishwa mara ya pili, safari hii bila risasi wala moto.

Funzo lililopo ni kwamba ushauri nasaha ni wa lazima, na utolewe kwa Kirundi au Kiswahili, kwa kuwa kiwewe hakielezeki kikamilifu kwa lugha ya kuazima. Lakini hautoshi iwapo mwanahabari hana pa kufanyia kazi yake. Aliyewaambia wengine humura kwa takriban miaka sita anastahili naye kuambiwa, na kurejeshewa kipaza sauti.