Vivimbe vya ngozi vinapoashiria saratani ya kurithi

UVIMBE mdogo wa mviringo chini ya ngozi ni jambo la kawaida, na wengi huishi nao miaka mingi bila kuushughulikia. Ndani yake hujaa uchafu mweupe, mzito kama uji, ambao ni keratini, yaani protini ileile inayojenga kucha na nywele. Uvimbe huo si saratani, na ni nadra sana kugeuka kuwa saratani.

Hata hivyo, wapo watu ambao kwao vivimbe hivyo ni dalili ya ugonjwa wa kurithi uitwao Gorlin, unaomfanya mtu apate saratani ya ngozi mara kwa mara, wakati mwingine tangu ujana.

Ugonjwa huo ulielezwa kwa kina mwaka 1960 na Wamarekani wawili, Robert Gorlin, mtaalamu wa magonjwa ya kinywa, na Robert Goltz, daktari wa ngozi. Mwaka 1996 ilibainika kuwa chanzo chake kikuu ni hitilafu katika jeni ya PTCH1, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisiongezeke ovyo. Mzazi mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto anayemzaa. Kwa wagonjwa wengine hitilafu huanza kwao wenyewe, hivyo ukoo usio na historia ya ugonjwa hauondoi shaka.

Vivimbe vikubwa huota zaidi mikononi, miguuni na kiwiliwilini, na vile vidogo kama punje usoni. Lakini vinavyosumbua zaidi ni vya ndani ya mifupa ya taya, ambavyo huanza aghalabu kabla ya umri wa miaka 20, husukuma meno na hurudi hata baada ya kuondolewa. Ndiyo maana mara nyingi daktari wa meno ndiye wa kwanza kuushuku ugonjwa. Dalili nyingine ni vishimo vidogo katika viganja na nyayo.

Kwa msomaji wa Afrika, vivimbe hivi vina uzito wa pekee. Ngozi nyeusi hukinga kwa kiasi dhidi ya jua, na wagonjwa weusi hupata saratani chache kuliko weupe. Baadhi hawaipati kabisa. Taya na viganja basi huweza kuwa ndiyo mashahidi pekee. Saratani ikitokea, huwa kijinundu cheusi kinachong'aa, rahisi kudhaniwa kuwa baka la kuzaliwa, au kidonda kisichopona.

Kuutambua ugonjwa mapema kuna faida kubwa hasa kwa watoto. Takriban mtoto mmoja kati ya 20 wenye ugonjwa huu hupata uvimbe wa saratani katika ubongo, kwa kawaida akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Akitibiwa kwa mionzi, saratani nyingi za ngozi huweza kuchipuka miaka ya baadaye pale mionzi ilipopita. Daktari anayeujua ugonjwa hutafuta kwanza tiba nyingine.

Uvimbe wa ngozi haufai kuminywa. Huondolewa kwa ganzi pamoja na kifuko chake chote, la sivyo hurudi, na kilichokatwa hupelekwa maabara. Mwenye vivimbe vingi, au aliyewahi kukatwa uvimbe wa taya, amweleze daktari habari hizo zote mbili kwa pamoja, pamoja na historia ya ndugu zake.