Pembe za Moshi na Upepo wa Kusi

Mangi Rindi wa Moshi, aliyefariki mwaka 1891, hakuwa na chombo baharini, lakini biashara yake ilifuata pepo za Bahari ya Hindi. Misafara iliyopanda kutoka Pangani na Mombasa ilimletea merikani, kaniki, shanga na bunduki. Iliporudi ilibeba pembe za ndovu, na watu pia, waliofungwa na kuuzwa. Pembe zilifika Unguja, zikasubiri msimu. Nani aliyezivusha bahari, na njiani aliishi vipi? Historia yetu ya Kilimanjaro huishia Pangani, nami naona hilo ni pengo.

Kaskazi ilipoanza kuvuma, Novemba au Desemba, ilivileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ya Aprili ikavirudisha. Nahodha aliyezubaa hadi Juni aliikuta bahari imechafuka. Hata wageni walioupeleka mlima wetu kwenye vitabu vya Ulaya walipita njia hiyo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye mwenzake Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, aliondoka Aden Novemba 1843 pamoja na mkewe Rosine. Chombo kikavuja, ikabidi warudi na kuanza upya. Walifika Unguja Januari 1844.

Aliyetuachia picha iliyo kamili zaidi ya maisha ndani ya vyombo hivyo, ingawa ni karibu nusu karne baada ya Rindi, ni baharia wa Australia, Alan Villiers. Mwishoni mwa 1938, akiwa Aden, alipanda bumu la Kuwait liitwalo Bayan, nahodha wake Ali bin Nasir Nejdi. Huko Shihr, pwani ya Hadhramaut, wakapakia abiria zaidi ya mia. Wanawake walikaa katika chumba cha chini, upande wa nyuma wa chombo, chenye joto na giza. Wanaume na mabaharia walilala juu, palipopatikana nafasi kati ya mizigo, jua na mvua vikiwa vyao. Jiko lilikuwa sanduku la mbao lenye mchanga ndani, nalo halikupoa: wali, mikate, samaki akipatikana. Sala tano zilipanga siku. Seremala hakukaa bure, aliunda mashua juu ya sitaha ili ikauzwe safarini.

Kazi kubwa ilikuwa foromali, gogo refu linalobeba tanga. Kuipandisha kulihitaji mabaharia wote, wakivuta kamba kwa nyimbo, makofi na kishindo cha miguu. Bila wimbo mikono haikwenda pamoja. Na watu hao hawakuwa na mshahara. Waligawana faida baada ya gharama za chakula kuondolewa, na wengi walikuwa na deni kwa nahodha kabla hata nanga haijang'olewa. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo zito kuliko dhoruba yoyote. Bayan ilishuka hadi delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko, ikarudi Kuwait na kusi ya 1939.

Wakati huo reli ya Tanga ilikuwa imeshafika Moshi tangu 1911, na mizigo ya mlimani ilikuwa imehamia kwenye meli za moshi. Walimu wa historia wa Kilimanjaro, mnapofundisha habari za Rindi na wafanyabiashara wa pwani, fuateni pembe hizo hadi baharini, na wapeni mabaharia waliozivusha nafasi yao katika somo.