Besi ya chakacha

Besi ya chakacha ni upigaji wa gitaa la besi unaofuata mwendo wa chakacha, ngoma ya harusi ya wanawake wa pwani ya Kenya. Husikika katika taarabu ya Mombasa, kwenye muziki wa bendi za hotelini, na katika harusi za kisiwani, kuanzia Mji wa Kale hadi Majengo.

Asili

Katika chakacha ya ngoma tupu, vumi hubeba sauti nzito na chapuo hujibu kwa sauti nyembamba. Gitaa la besi la umeme, ambalo Leo Fender alianza kuliuza Marekani mwaka 1951, lilipata nafasi katika taarabu ya pwani miaka ya 1960, pale Black Star Musical Club ya Tanga ilipoingiza magitaa. Huko Mombasa, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh waliimba nyimbo nyingi zenye mwendo wa chakacha. Miaka ya 1980 Mombasa Roots wakauingiza kwenye disko kwa kibao chao “Disco Chakacha”.

Sauti

Anayetoka kwenye roki huja na masikio ya John Entwistle wa The Who, aliyeshirikiana na kampuni ya Rotosound mwaka 1966 kutengeneza nyuzi za kukwaruza zenye mlio mkali. Mlio huo hurefuka na kujaza nafasi kati ya mapigo, nafasi ambayo chakacha huwaachia wapiga ngoma. Mpigaji anayetaka besi isikike kama vumi hufunga nyuzi laini, hupunguza sauti kali kwenye gitaa na amplifaya, kisha hupachika kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja ili noti ife mapema.

Mikono

Kidole gumba cha mkono wa kulia hukwanyua uzi huku ubavu wa kiganja ukiulalia. Mkono wa kushoto hulegeza kidole mara noti inapotoka. Mwendo ni wa 6/8: mapigo sita yanayoweza kuhesabiwa mawili makubwa au matatu. Besi ikishika mawili, chapuo na makofi hupata pa kuchezea; ikigeukia matatu kwa muda mfupi, huleta mvutano unaowasukuma wachezaji. Noti zenyewe ni chache: ya msingi, ya tano na oktava yake.

Jukwaani

Uzi mzito wa besi hutoa mtetemo wa takriban 41 kwa sekunde, na spika ndogo haziwezi kuutoa kikamilifu. Kinachosikika zaidi ni oktava ya juu yake, 82. Ndiyo maana mpigaji wa harusi za mtaani hapandishi uzito wa sauti kupita kiasi: huacha sauti ya kati ipite, au hupiga oktava ya juu, ili mapigo yasikike hata nyuma ya umati.