Falcon 4.0

Falcon 4.0 ni mchezo wa kompyuta unaoiga urubani wa ndege ya kivita F-16. Ulitolewa Desemba 1998 na kampuni ya MicroProse ya Marekani, na mwaka mmoja baadaye ofisi iliyouunda ilikuwa imekwisha kufungwa. Hata hivyo mchezo bado unachezwa na bado unaboreshwa, na kazi hiyo hufanywa na watu wa kujitolea. Wengi huyaeleza maisha haya marefu kwa sababu moja, kwamba msimbo wake ulivuja. Hiyo ni nusu ya ukweli. Msimbo uliwafikia wengi, lakini waliodumu ni wale waliofanya kazi juu yake bila kujifanya wenye mali.

Asili

Mfululizo wa Falcon ulianza mwaka 1987 katika kampuni ya Spectrum HoloByte, California, chini ya Gilman Louie, ambaye baadaye aliongoza In-Q-Tel, mfuko wa uwekezaji unaohudumia idara za ujasusi za Marekani. Falcon 3.0 ulifuata mwaka 1991. Spectrum HoloByte iliinunua MicroProse mwaka 1993, kisha ikaliacha jina lake na kujiita kwa jina la iliyonunuliwa. Mwaka 1998 yote yakaangukia mikononi mwa Hasbro, kampuni ya midoli.

Kampeni ya Korea

Thamani ya Falcon 4.0 haiko katika picha zake, iko katika kampeni. Michezo mingi ya urubani humpa mchezaji misheni zilizoandikwa moja moja, nazo zikiisha zimeisha. Hapa vita vya rasi ya Korea vinajiendesha vyenyewe: vikosi vya nchi kavu vinasonga mbele na kurudi nyuma, daraja likivunjwa misafara inachelewa, uwanja wa ndege ukipigwa ndege haziruki, na mashambulizi yanapangwa upya saa baada ya saa, mchezaji awe angani au amelala. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kubeba maelfu ya magari na ndege kwa pamoja, kwa hiyo waundaji walitumia mbinu ya werevu. Vikosi vilivyo karibu na mchezaji huonyeshwa kifaru kwa kifaru, na vilivyo mbali hubaki hesabu tu, batalioni dhidi ya batalioni, mpaka ndege itakapokaribia. Rada, silaha na swichi za chumba cha rubani ziliigwa kwa undani hivi kwamba kitabu cha maelekezo, kilichofungwa katika jalada la pete, kilikaribia kurasa 600. Kwa bahati mbaya mtambo huu wa kipekee uliingizwa sokoni ukiwa mbichi. Ulizimika katikati ya misheni, ukaleta makosa yasiyoelezeka, na kampuni ikatoa viraka mfululizo hadi cha 1.08 mwishoni mwa 1999, wakati uleule Hasbro ilipokuwa ikiifunga ofisi ya Alameda, California, iliyouunda mchezo.

Kuvuja kwa msimbo na vikundi vya kujitolea

Aprili 2000 msimbo chanzo ulionekana mtandaoni. Kabla ya hapo wapenzi wa mchezo walikuwa wakihariri faili za data. Sasa waliweza kuufungua mtambo wenyewe. Vikundi vikazuka: eFalcon, SuperPAK, FreeFalcon, Benchmark Sims na vinginevyo. Kila kimoja kilikuwa na toleo lake na imani yake kuhusu namna kombora linavyopaswa kuruka, na wachezaji wa matoleo tofauti hawakuweza kuruka pamoja. Kwa hiyo tunda la kwanza la kuvuja kwa msimbo lilikuwa mgawanyiko. Hakimiliki nayo ilihamia kampuni ya Infogrames mwaka 2001, na kwa leseni yake kampuni ndogo ya Lead Pursuit ikatoa Falcon 4.0: Allied Force mwaka 2005, toleo la kibiashara lililotulia kuliko yote yaliyotangulia, lenye uwanja wa vita wa Balkani pia. Lakini toleo hilo lilikuwa limefungwa. Wanunuzi hawakuwa na la kufanya ila kuingoja kampuni, na kampuni iliponyamaza toleo likabaki pale lilipokuwa.

Benchmark Sims, maarufu kama BMS, walishika njia ya tatu. Toleo lao la 4.32, la Septemba 2011, lilitolewa bure, lakini halikubali kusakinishwa kama Falcon 4.0 halali haimo ndani ya kompyuta. Sharti hilo huonekana dogo, hata la kuudhi, hasa kwa mtu aliyelazimika kutafuta CD ya zamani. Ndilo, hata hivyo, lililobadili hesabu ya mwenye hakimiliki. Mchezo uliporudi sokoni katika maduka ya mtandaoni ya GOG na Steam, kila mchezaji mpya wa BMS asiyekuwa na nakala alikuwa mteja wa bidhaa ambayo mwenye hakimiliki alikuwa ameshaacha kuihudumia. Kuwashtaki wajenzi hao kungekuwa kukata tawi alilolikalia. Jambo la pili ni kwamba BMS hawaugawi msimbo wao. Wapenzi wa programu huria wana haki ya kunung'unika, lakini usiri huo umezuia fujo za miaka ya 2000 zisirudi, na vikosi vya mtandaoni sasa vinakutana kwa sehemu kubwa katika toleo moja. Yamefuata matoleo ya 4.33 (2015), 4.34 (2018), 4.35 (2020), 4.36 (2022) na 4.37 (2023), toleo la 4.37 likiongeza matumizi ya miwani ya uhalisia pepe. FreeFalcon haikuendelea baada ya toleo la 6.

Pingamizi

Yapo yanayosemwa dhidi ya sifa hizi. La kwanza ni kwamba mzizi wa yote ni mali iliyotolewa bila idhini. Ni kweli, na miaka haifuti kosa hilo. Lakini kuvumiliwa kwa BMS na wenye haki waliofuatana hakuwezi kuelezwa kwa kosa la mwanzo. Kunaelezwa na mwenendo wa baadaye. La pili ni kwamba DCS World, mchezo wa urubani wa Eagle Dynamics uliopata F-16 yake mwaka 2019, una picha nzuri zaidi. Nalo ni kweli, ila kampeni inayojiendesha, iliyoahidiwa huko kwa miaka mingi, hadi 2024 haikuwa imetolewa. Pingamizi zito ni la tatu: kwamba kazi ya namna hii ingepaswa kulipiwa. Steel Beasts ya eSim Games, mchezo wa vifaru ulioanza mwaka 2000, umeishi kwa kuuzwa kwa majeshi, yakiwemo ya Denmark na Sweden, na Command, mchezo wa vita vya baharini na angani wa mwaka 2013, una toleo la kitaalamu kwa wateja wa aina hiyo. Njia hiyo ni imara kuliko kujitolea, lakini inamtaka mteja mwenye bajeti ya ulinzi, na mteja huyo ndiye hupanga kipi kijengwe kwanza. Kampeni ya Korea ni starehe ya mchezaji wa nyumbani, na mteja wa jeshi hana sababu ya kuigharamia.





Hali ya sasa

Mwaka 2023 MicroProse, iliyofufuliwa na David Lagettie wa Australia, ilitangaza kwamba haki za Falcon zimerudi kwake. BMS waliendelea na kazi yao, na sharti la kuwa na nakala ya mwaka 1998 halikuondolewa.