Pasaka Bila Kwaya: Tulichojifunza Makanisa Yalipofungwa



Jubilei ni wakati wa kuhesabu. Tunahesabu miaka, nyimbo, safari na wenzetu tuliowapokea. Makala haya yanahesabu kitu kingine: majira ambayo hatukuruhusiwa kuimba pamoja. Majira hayo yalizigusa kwaya zote za Kenya, kubwa kwa ndogo, za mjini na za mashambani. Wapo vijana walioingia kwaya baadaye ambao hawakuyaona, na ni haki yao kusimuliwa.

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Tulikuwa katikati ya Kwaresima, na kila mwanakwaya anajua maana yake. Huo ndio msimu wa mazoezi mazito kuliko yote: Jumapili ya Matawi, Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu na Mkesha wa Pasaka. Jumapili ya tarehe 22 Machi serikali ikasimamisha mikusanyiko ya ibada. Tarehe 27 kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mapema Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale. Pasaka ilipofika tarehe 12 Aprili, mapadre waliiadhimisha milango ikiwa imefungwa, na waumini wakafuata Misa kwenye redio, runinga na simu. Nyimbo zilizokuwa zimefanyiwa mazoezi kwa majuma kadhaa zilibaki kwenye madaftari.

Wapo walionung'unika, na walikuwa na hoja. Masoko yalikuwa wazi. Kwa nini kanisa lifungwe? Jibu lilikuwa gumu kwa waimbaji kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Tarehe 10 Machi mwaka huohuo, karibu na mji wa Mount Vernon katika jimbo la Washington, Marekani, waimbaji 61 walikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu hivi. Mmoja alikuwa na dalili zilizofanana na za mafua. Baada ya siku chache watu 53 kati yao walihesabiwa kuwa wameugua, na wawili wakafariki. Uchunguzi ulipotolewa mwezi Mei, ulimwengu ulielewa kwamba kuimba kwenyewe, kwa kuvuta pumzi kwa kina na kupaza sauti mkiwa mmekaa karibu, kulirahisisha kuenea kwa ugonjwa. Jambo tulilolipenda lilikuwa limegeuka hatari kwa tuliowapenda. Kunyamaza kwetu, basi, kulikuwa namna ya kumlinda jirani.

Tarehe 6 Julai Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba ibada zingeanza tena hatua kwa hatua, kwa kufuata mwongozo wa baraza la viongozi wa dini mbalimbali lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri. Masharti yalikuwa makali: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na madarasa ya dini ya watoto yaendelee kufungwa. Sharti jingine ndilo lililoziuma kwaya zaidi. Watoto walio chini ya miaka 13 na watu waliozidi miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani.

Tulitafakari sharti hilo kama wanakwaya. Ni nani katika kwaya anayekumbuka wimbo ambao haukuandikwa popote? Ni yule mama wa sauti ya pili aliyekuwamo tangu siku za mwanzo, ni yule mzee wa besi anayejua wimbo ulipunguzwa beti gani na kwa nini. Na ni nani anayepaswa kuupokea? Ni mtoto anayekaa benchi la mbele akitazama midomo ya wakubwa. Sharti la afya, ambalo lilikuwa na sababu yake, liliwaondoa wote wawili kwa wakati mmoja. Waliobaki katikati waliweza kuimba, lakini mwenye kukabidhi na mwenye kukabidhiwa walikuwa nje. Hapo ndipo mapokeo ya kwaya yalipokuwa hatarini kweli. Wimbo hauhitaji kupigwa marufuku ili upotee. Unapotea anayeujua anapoondoka kabla hajamfundisha mwingine.

Kilichotuokoa hakikuwa kikubwa. Sehemu mbalimbali za nchi, walimu wa kwaya walijirekodi kwenye simu, sauti moja moja, wakazituma kwenye makundi ya WhatsApp. Aliyekuwa na bando alimpigia asiye nalo, akamwimbia. Wajukuu waliokuwa nyumbani kwa sababu shule zimefungwa walikaa na nyanya na babu zao jikoni au uani, wakasikia nyimbo ambazo labda wasingezisikia kanisani. Wazee waliozoea nota za sol-fa walifungua madaftari ya zamani. Hakuna aliyeyaita mambo hayo mradi wala programu. Yalikuwa kazi za kila siku za watu waliokataa kusahau.

Kanisa la Afrika Mashariki lilikuwa limewahi kupita njia kama hiyo. Mnamo Novemba 1882 mapadre Wamisionari wa Afrika waliondoka Buganda, wakaenda kusini mwa Ziwa Viktoria. Waliwaacha Wakristo wachache, wengi wao wakiwa bado wachanga katika imani, bila padre na bila Misa. Waliporudi Julai 1885 walikuta idadi imeongezeka. Walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba walikuwa wameendelea kufundisha na kuwakusanya wenzao kusali. Miezi michache baadaye mateso yakaanza, na hao watatu wakawa miongoni mwa Mashahidi wa Uganda tunaowakumbuka kila tarehe 3 Juni. Sikukuu hiyo nayo haikuepuka korona. Mwaka 2020 mahujaji, wakiwemo Wakenya ambao huenda kwa miguu, hawakuweza kukusanyika Namugongo. Mwaka 2021 waliruhusiwa wachache tu. Mwaka 2022 walirudi kwa wingi, kwa sababu ibada ya mashahidi ilikuwa imeendelea kukaa majumbani na mioyoni mwao.

Tusisahau pia kwamba matumaini yetu yalijaribiwa mara ya pili. Tarehe 26 Machi 2021, Pasaka ikiwa imebaki siku tisa, ibada za pamoja zilisimamishwa tena katika kaunti tano: Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru. Kwa kwaya za kaunti hizo ilikuwa Pasaka ya pili mfululizo bila kuimba kanisani. Safari hii, hata hivyo, wengi walijua la kufanya. Simu zilitoka, sauti zikagawanywa, mazoezi yakaendelea kila mtu akiwa kwake. Makanisa yalifunguliwa tena mwezi Mei. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na tarehe 11 Machi 2022 serikali ikaruhusu makanisa kujaa tena kwa waliochanjwa. Ilikuwa imepita takriban miaka miwili kamili.

Si wote waliorudi. Karibu kila kwaya ina kiti kilichobaki wazi, na mazishi ya siku zile yalikuwa ya watu wachache, mara nyingi bila kwaya kumsindikiza mwenzao. Kama tuna deni katika jubilei hii, ni hilo. Tunapoimba leo, tuwaimbie pia wale ambao hatukuwaimbia siku ya kuwazika.

Deni la pili tunaweza kuanza kulilipa kabla ya Jumapili ijayo. Kila mwimbaji aliye na miaka mingi katika kwaya achague wimbo mmoja ambao ni wachache wanaoujua, na amfundishe kijana mmoja. Nyimbo zisizo na nota ziandikwe. Sauti za wazee wetu zirekodiwe wakiwa na nguvu. Na watoto warudishwe benchi la mbele, hata kama wanachezacheza.

Sherehe yaweza kuahirishwa tena. Hatujui siku wala saa. Mungu aliyetuvusha wakati ule ndiye tunayemshukuru leo, na tunamwomba atukute tukifundishana. Heri ya jubilei kwenu nyote.