Barking hadi Mwanza: masafa yale yale, saa tofauti

Barking, mashariki mwa London, haina uwanja wa ndege. Lakini ni hapa, kwenye tope la kijito kinachoingia mto Thames, ndipo mhandisi Frederick Handley Page alipofungua kiwanda chake cha ndege mwaka 1909, miongoni mwa vya mwanzo kabisa nchini Uingereza. Mwaka 1912 kikahamia Cricklewood.

Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kutoka Croydon, kusini mwa London, hadi Mwanza. Ilikuwa safari ya vipande: ndege, treni, kisha ndege ya majini. Abiria waliishia Khartoum. Barua pekee ndizo zilizoendelea hadi Ziwa Victoria, na zilichukua takriban siku kumi. Mwaka huo huo ndege kubwa za Handley Page zikaanza kazi katika njia za mbali kutoka Cairo, kwa mwendo wa kilomita 160 hivi kwa saa. Treni nyingi za leo zingezipita.

Mei 1952, jeti ya Comet ilitua Entebbe ikielekea Johannesburg, safari nzima ikiwa chini ya saa 24.

Leo, kilomita 6,800 hivi baina ya Heathrow na Nairobi ni saa nane na nusu. Hiyo ni hesabu ya mashirika ya ndege. Mkaazi wa Barking atokaye Mwanza huhesabu tangu mlangoni: treni ya kuvuka London nzima, foleni za ukaguzi, kisha kungojea ndege nyingine Nairobi. Na simu ya msiba ikiingia usiku, jamaa Waislamu huzika kesho yake. Mara nyingi yeye hukuta kaburi limekwisha fukiwa.